Waya za Plagi kwenye Subaru ya Turbo Iliyoongezwa Nguvu: Mwongozo Kamili wa Kuchagua na Kufunga

Malalamiko ni yale yale. Gari linawaka vizuri, linatulia sailensa (likinguruma bila kukanyagwa), mjini halina neno. Likifika barabara nyeupe, mwenyewe akakanyaga na busti (presha ya hewa inayosukumwa na turbo) ikavuka bar 1, linaanza kukohoa na kurusha milipuko kwenye ekzosi. Ananunua waya mpya, tena za bei. Baada ya wiki chache gari liko pale pale, na lawama zinahamia kwa fundi wa mapu, yaani anayepanga kompyuta ya injini.

Mara nyingi waya hazikuwa mbovu, zilifungwa vibaya. Au zilikuwa za aina isiyofaa, au ziliingizwa kwenye visima (mashimo zinamokaa plagi) vilivyojaa oili. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake wala usiruke, hata kama una haraka ya kwenda kujaribu gari.

Mwongozo ni wa Subaru zenye injini ya EJ20 ya turbo ambazo koili yake (inayotengeneza umeme wa cheche) ni bloku moja iliyokaa juu ya manifoldi, ikigawa waya nne. Utaikuta kwenye Impreza WRX nyingi za GC8 za mwishoni mwa miaka ya 1990 na kwenye Forester SF5 za turbo. Fungua boneti uangalie kwanza. Ukikuta kila plagi imekaliwa na koili yake, huna waya za kubadilisha, ila sehemu ya plagi na ya visima itakufaa.

Jingine la kuweka wazi mapema: waya hazikuongezei nguvu za farasi. Kazi yake ni kuhakikisha nguvu uliyokwisha kuilipia kwenye turbo na mapu haipotelei njiani.

## Vitu vya kuandaa

- Seti ya waya nne zilizotengenezwa kwa ajili ya injini yako, si za kukatwa na kuungwa dukani
- Plagi nne mpya
- Soketi ya plagi ya 16 mm yenye mpira au sumaku ndani
- Racheti ya 3/8, ekstensheni mbili fupi (moja ya 75 mm na nyingine ya 150 mm hivi) na kiungo cha yunivesali
- Spana za 10 mm na 12 mm
- Spana ya toki inayosoma vizuri kwenye Nm 20
- Multimita na fila geji
- Grisi ya silikoni ya umeme, tyubu ndogo inatosha
- Hewa ya kompresa, au angalau pampu yenye mdomo mwembamba
- Dawa ya kusafishia kontakti, vitambaa safi na kijiti kirefu
- Tochi ya kichwani
- Utepe wa karatasi na kalamu
- Vishikio vya plastiki vya kutenganisha waya, na soksi ya kuzuia joto kwa ajili ya upande wa turbo
- Kibana kimoja chembamba cha plastiki, kile cha kufungia nyaya. Matumizi yake utayaona kwenye hatua ya 6

Ukiwa na mashaka na oili kwenye visima, nunua kabisa na sili za plagi na gasketi za tapeti kava. Usifungue gari halafu ndiyo uanze kuzitafuta jioni kwenye maduka ya spea ya Kirinyaga Road (Nairobi), Gerezani (Dar es Salaam) au Kisekka (Kampala).

## Waya ipi ununue

### Kwa nini turbo inaumbua waya

Cheche huruka kwa kupasua hewa iliyo katikati ya ncha mbili za plagi, nafasi inayoitwa gepu. Hewa hiyo ikishindiliwa zaidi, volti za kuipasua zinapanda. Ndiyo maana gari lilelile linalotulia sailensa linaweza kuhitaji volti mara mbili au tatu zaidi busti ikijaa.

Umeme huo hausubiri kupita pale unapotaka wewe. Kama mpira wa kofia (ile ncha ya waya inayovaa plagi) una ufa, au kuna unyevu na oili kando ya plagi, na kurukia silinda hedi kumekuwa rahisi kuliko kuruka gepu, utarukia silinda hedi. Silinda hiyo haiwaki, na mafuta yanatoka mabichi kwenda kwenye turbo na ekzosi.

Kwa hiyo kwenye gari la turbo, jambo la kwanza kununua ni ngozi ya waya na kofia zake. Kilichomo ndani kinafuata.

### Kiini cha waya

Kuna aina tatu utakazokutana nazo.

Kaboni. Ndizo gari hutoka nazo kiwandani. Zinazuia kelele za umeme vizuri, na zikiwa mpya na za asili zinatosha kabisa kwa gari lililopandishwa busti kidogo. Ubaya wake ni umri: joto na kuvutwavutwa hukata kiini ndani huku nje waya ukionekana mzima.

Waya wa chuma uliosokotwa kwenye kiini. Hizi ndizo ninazozipendekeza kwa gari lililoongezwa nguvu. Ukinzani wake ni mdogo, zinadumu, na ule msokoto wenyewe ndio unaozuia kelele za umeme. Magnecor na NGK wanatengeneza seti za namna hii, na wapo wengine.

Shaba tupu. Achana nazo. Muuzaji atakwambia zinapitisha umeme mwingi zaidi, na hilo ni kweli, lakini zinarusha kelele za umeme kila upande. Injini yako ina sensa ya kamu, sensa ya kranki na sensa ya noki, zote zikipeleka ishara ndogo kwenye kontroboksi, yaani kompyuta ya injini. Kelele zikiingia humo utapata misi (silinda kukosa kuwaka) isiyoeleweka, ambayo haitaisha hata ukibadilisha kila kitu kingine.

### Unene na rangi

Waya wa milimita 8 au 8.5 unatosha. Zipo za 10, na zinauzika kwa sababu zinapendeza boneti ikiwa wazi. Unene pekee hausemi chochote: ngozi nene ya mpira wa kawaida inapasuka kwa joto, wakati ngozi nyembamba zaidi ya silikoni safi inabaki laini. Kunja waya kwa vidole kabla hujalipa. Silikoni nzuri inarudi yenyewe bila kubaki na alama ya mkunjo.

Rangi chagua uipendayo.

### Kofia

Hapa ndipo seti za bei rahisi zinapoanguka. Plagi za EJ20 ya kamu mbili zimelala chali ndani ya visima vinavyopenya tapeti kava, kwa hiyo kofia inatakiwa iwe ndefu, ngumu kiasi cha kusukumika, na iwe na kola ya mpira inayoziba mdomo wa kisima. Kofia ya jumla ya "inaingia gari zote" itakaa, lakini maji ya kuoshea injini yataingia.

Angalia pia chuma cha ndani kinachong'ata kichwa cha plagi. Chukua plagi yako uende nayo dukani, uisukumize: inatakiwa ilie "tak" na isitoke kwa kutikiswa.

### Plagi zinazoendana nazo

Koili ya namna hii inapiga cheche mbili kwa pamoja: silinda ya 1 na ya 2 ni jozi, ya 3 na ya 4 ni jozi. Katika kila jozi, plagi moja hupitisha umeme kinyume na mwenzake, hivyo zinalika kwa namna tofauti. Ndiyo sababu ya kutumia plagi zenye platinamu kwenye ncha zote mbili, kama NGK za kundi la PFR. Herufi R kwenye namba ya NGK ina maana plagi ina kizuia kelele ndani. Usinunue isiyo nayo.

Namba ya joto: kwa NGK, namba kubwa ndiyo plagi baridi, yaani inayotoa joto haraka. Kama gari lilikuwa na 6 na umeongeza busti na mapu kwa kiasi cha maana, nenda 7. Bosch namba zao zinakwenda kinyume, kwa hiyo usilinganishe kwa kukisia.

Na plagi bandia zimejaa sokoni. Tazama nyuzi zake: za asili zimeviringishwa safi, na maandishi kwenye kauri hayafutiki kwa ukucha.

## Hakikisha kwanza tatizo ni cheche

Turbo ikivuka kikomo cha kontroboksi, mafuta hukatwa ghafla. Hiyo dereva anaisikia mwili mzima: gari linasimama kana kwamba limegonga ukuta, halafu linaachia. Misi ya cheche haiko hivyo. Inakatakata, "pa-pa-pa", na inazidi kadiri unavyokanyaga.

Wenye geji ya mchanganyiko wa hewa na mafuta wawe macho hapa. Silinda isipowaka, oksijeni yake haikutumika, nayo inapita kwenye sensa ya ekzosi. Geji inasoma kwamba mafuta ni machache wakati mafuta yapo tele. Fundi wa mapu anayeiamini geji bila kuuliza ataongeza mafuta, na mafuta yakizidi cheche dhaifu inazimika zaidi. Nimeona mapu zikiharibiwa hivyo, chanzo kikiwa kofia moja ya mpira iliyopasuka.

## Hatua ya 1: Acha injini ipoe kabisa

Si vuguvugu. Ipoe kabisa, ikiwezekana ilale usiku. Silinda hedi ni ya aluminiamu, na plagi ikifunguliwa ikiwa moto inaweza kutoka na nyuzi zake. Kazi ya dakika arobaini itageuka kazi ya kutoa hedi.

Toa waya wa hasi wa betri. Ondoa funguo kwenye swichi na uitie mfukoni.

Umefaulu ukiona: unaweza kuweka kiganja kwenye manifoldi na kukiacha hapo.

## Hatua ya 2: Tengeneza nafasi

Upande wa kulia wa gari (kulia kwa aliyeketi akitazama mbele) kuna boksi la chujio la hewa na mabomba yake. Litoe lote. Upande wa kushoto toa betri, na kama chupa ya maji ya waipa inakuziba, nayo itoke.

Watu wengi hujaribu kupenyeza mkono bila kutoa vitu hivi. Wanafanikiwa kutoa plagi za mbele, halafu za nyuma zinawachubua vidole na mwishowe wanavuta waya badala ya kofia. Ni boliti chache za 10 na 12. Zitoe.

Mabomba ya hewa ukishayafungua yazibe kwa kitambaa kikubwa. Nati moja ikiingia kwenye bomba la turbo, itasagwa na panga za kompresa.

## Hatua ya 3: Andika namba

Namba za silinda kwenye EJ hazifuatani upande mmoja. Kulia mbele ni 1, kushoto mbele ni 2, kulia nyuma ni 3, kushoto nyuma ni 4. Yaani kulia una 1 na 3, kushoto una 2 na 4. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-2-4.

Bandika utepe wenye namba kwenye kila waya wa zamani na ulinganishe na namba zilizoandikwa kwenye koili. Piga na picha.

Ukikosea ukabadilishana 1 na 2, gari litawaka tu, kwa kuwa jozi hiyo hupata cheche wakati mmoja. Ukibadilishana 1 na 3, cheche inaingia wakati si wake: gari litagoma au litarusha moto nyuma kwenye manifoldi. Kwa hiyo gari kuwaka si ushahidi kwamba waya ziko sahihi.

## Hatua ya 4: Toa waya na usome kilichoandikwa kisimani

Puliza hewa kuzunguka kila kofia kabla ya kuigusa. Mchanga ulio kando ya kola utaingia kwenye silinda plagi ikitoka.

Shika kofia yenyewe, izungushe robo kushoto na kulia hadi iachie, ndipo uivute ikiwa imenyooka. Usivute waya. Fanya silinda moja tu kwa wakati mmoja, kuanzia hapa hadi hatua ya 6, kisha uhamie nyingine.

Sasa washa tochi uchungulie ndani. Hapa ndipo kazi nzima ilipo, na ndipo panaporukwa.

Oili. Ukikuta kofia imelowa oili, sili ya plagi kwenye tapeti kava imekufa. Oili hulainisha mpira wa kofia, unavimba, unapasuka. Ukifunga waya mpya humo, zitakufa vilevile. Kausha kisima, toa tapeti kava, badilisha sili na gasketi, ndipo uendelee. Hakuna njia ya mkato, na hii ndiyo sababu kubwa ya waya mpya "kuharibika" ndani ya muda mfupi.

Maji au kutu nyeupe. Hii mara nyingi ni zawadi ya sehemu ya kuoshea magari. Mashine ya presha ikielekezwa kwenye injini, maji hupita kola iliyochoka. Kausha kwa hewa, safisha kwa dawa ya kontakti, na siku nyingine waambie wafute kwa kitambaa.

Mstari mweusi mwembamba kama wa penseli ukishuka kwenye kauri ya plagi au ndani ya kofia. Hiyo ni njia umeme uliyojichorea kutorokea. Haifutiki kwa kusugua: umeme utaifuata tena. Plagi na waya wake vyote vinatupwa, hata kama kimojawapo bado kipya.

Usiuchanganye na duara la kahawia hafifu lililo chini ya kauri, juu tu ya chuma. Hilo ni vumbi linalonaswa na umeme. Halina madhara.

Tazama pia vinara vya koili. Vikiwa na unga wa kijani au mweupe, visafishe hadi chuma king'ae. Kikiwa na ufa, koili ibadilishwe, maana waya mpya haziponyi koili iliyopasuka.

## Hatua ya 5: Toa plagi, pima gepu, funga mpya

Soketi, ekstensheni na racheti haziingii zikiwa zimeunganishwa. Chasisi iko karibu mno. Ingiza soketi kisimani peke yake. Ichomekee ekstensheni fupi. Kisha racheti, au yunivesali halafu racheti. Ukimaliza kulegeza, toa racheti umalizie kwa vidole, na ukitoa vyote viachanishe tena kwa mpangilio huo. Kwenye silinda 3 na 4 huenda ukahitaji kubadili ekstensheni katikati ya kazi. Ndivyo Subaru ilivyo.

Panga plagi za zamani mezani kwa namba. Moja ikiwa nyeusi na imelowa huku nyingine zikiwa kahawia, umeshajua silinda iliyokuwa ikimisi.

Gepu la plagi mpya lipime kwa fila geji hata kama boksi limeandikwa kwamba liko tayari. Kwa EJ20 iliyoongezwa busti anza na 0.7 mm. Kama busti yako inavuka bar 1.3 hivi na bado inamisi juu ukiwa na waya na koili nzima, shuka hadi 0.6. Usiende chini ya hapo kwa kubahatisha: gepu dogo mno hufanya sailensa itikisike na gari lisite mafuta yakiwa kidogo. Unaporekebisha, gusa ncha ya nje tu. Ile ya katikati ina platinamu na inavunjika kwa kuibinya.

Ingiza plagi kwa soketi na ekstensheni bila racheti, ukizungusha kwa vidole. Inatakiwa izunguke kwa ulaini hadi mwisho. Ikigoma baada ya mzunguko mmoja, nyuzi zimepishana: rudisha, nyoosha, anza upya. Racheti haitibu nyuzi zilizopishana, inazimaliza.

Kaza kwa Nm 20 hadi 21. Huna spana ya toki? Plagi mpya yenye washa: kaza kwa mkono hadi iguse, kisha ongeza nusu ya mzunguko hadi theluthi mbili. Nyuzi zifungwe zikiwa kavu. Grisi kwenye nyuzi hufanya spana ikudanganye, unakaza zaidi ya unavyodhani.

Umefaulu ukiona: plagi imezunguka kwa vidole hadi ikagota, na racheti imetumika kwa mkazo wa mwisho tu.

## Hatua ya 6: Pima waya mpya na uziingize

Pima kila waya kwa multimita kabla haujaingia, kuanzia chuma cha kofia hadi chuma cha upande wa koili. Tikisa waya huku ukitazama namba, isiruke. Waya za kaboni husoma elfu kadhaa za omu na zaidi, kutegemea urefu. Zile za msokoto husoma chini sana. Kinachotafutwa ni waya nne zinazopatana kwa uwiano wa urefu wake. Toyota kwa mfano huweka kikomo cha kiloomu 25 kwa waya mmoja, na ukifika huko kwenye waya wowote, tupa.

Lakini elewa mpaka wa kipimo hiki. Multimita inapima kwa volti chache za betri yake. Inakwambia kama kiini kimekatika, haikwambii kama ngozi inavujisha kwenye volti elfu ishirini. Waya unaweza kusoma vizuri kabisa na bado ukamisi ukikanyaga.

Sasa grisi. Paka kidogo sana, duara jembamba, kwenye mdomo wa ndani wa kofia pale mpira unapokumbatia kauri. Inazuia unyevu na inafanya kofia itoke kirahisi siku nyingine. Usiijaze kwenye chuma. Grisi hii haipitishi umeme.

Sukuma kofia ikiwa imenyooka hadi usikie na uhisi "tak". Tatizo la kofia zenye kola nzuri ni kwamba zinafungia hewa kisimani, na hewa hiyo huirudisha kofia nyuma taratibu ukishaondoa mkono. Hapa ndipo kile kibana chembamba kinapohitajika: kipitishe kando ya kola, sukuma kofia hadi mwisho huku hewa ikitoka pembeni yake, kisha kichomoe. Subiri dakika moja uangalie tena.

Upande wa koili nao usukume hadi mwisho, kisha vuta mpira wa kofia juu ya kinara.

Umefaulu ukiona: kola zote nne zimelala sawasawa kwenye tapeti kava. Iliyo juu ya wenzake hata kwa milimita chache haijaingia.

## Hatua ya 7: Njia ya kupitisha waya

Waya nzuri zikipitishwa ovyo ni hasara. Mambo manne ya kuangalia:

1. Tenganisha 1 na 3, na 2 na 4. Waya hizi zinatembea pamoja upande mmoja, na kwa mpangilio wa 1-3-2-4 zinawaka zikifuatana. Waya wa 1 ukivujia wa 3, silinda ya 3 inapata cheche wakati pistoni iko chini ikianza kupanda. Kwenye injini ya turbo huo ni mlipuko wa mapema unaoweza kupasua pistoni. Tumia vishikio, waya zisigusane.

2. Kaa mbali na turbo. Turbo iko nyuma upande wa kulia, kwa hiyo waya wa 3 ndio ulio hatarini. Kama umetoa kinga za joto ili kufunga turbo kubwa au bomba nene, uvishe soksi ya kuzuia joto. Ukiona hauna nafasi ya kupita vidole viwili kati yake na chuma cha moto, badili njia.

3. Zisilale sambamba na nyaya za sensa. Sensa ya kamu iko mbele kwenye hedi ya kushoto, ya kranki iko mbele juu ya pampu ya oili. Kama lazima waya wa plagi ukutane na waya wa sensa, wakatishane kwa pembe, wasiambatane.

4. Usibane kwa nguvu. Kibana cha plastiki kilichokazwa moja kwa moja kwenye silikoni kinaila kwa mtetemo. Acha waya ziwe na ulegevu kidogo, kwa sababu injini inacheza kwenye maunti zake ukikanyaga.

## Hatua ya 8: Jaribio la giza

Rudisha boksi la hewa, mabomba, betri na kila kilichotoka. Kaza klipu za mabomba vizuri. Bomba likivuja busti utadhani waya ndizo mbaya.

Washa gari jioni, mahali penye giza na hewa ya kutosha. Chungulia. Usione mwanga wowote wa buluu kwenye waya, kofia au koili. Halafu pulizia ukungu mwepesi wa maji kwa chupa ya kupulizia, si kumwagia, juu ya waya na koili. Ukisikia tik-tik au ukaona cheche, mahali hapo panavuja.

Onyo. Usishike waya wowote injini ikizunguka. Nguo zilizolegea na nywele ziwe mbali na mikanda na feni. Mwenye kifaa cha umeme cha moyo asisogee kabisa.

Na usijaribu silinda kwa kuchomoa waya wa plagi gari likiwa limewaka, kama mafundi wengi wanavyofanya. Umeme usipopata pa kwenda hurudi kuumiza koili na kinachoiendesha. Chomoa soketi ya injekta ya silinda hiyo badala yake: gari likibadilika mlio, silinda ilikuwa inafanya kazi.

## Hatua ya 9: Barabarani

Pasha injini hadi joto la kawaida. Tafuta barabara tupu, gia ya 3, anza mzunguko wa 2,500 na ukanyage nusu. Likivuta bila kukatika, rudia kwa kuongeza hadi pedeli iishe. Mwenzako atazame geji. Wewe tazama barabara.

Gari lililopona linavuta kwa mlio mmoja hadi juu, na geji ya mchanganyiko haichezi. Likianza kukata, achia mara moja. Mafuta mabichi yanayowakia kwenye ekzosi yanapandisha joto la turbo haraka.

Baada ya kilomita 500 hivi, lisipopoa vizuri usifungue kitu, ila likipoa fungua boneti na upapase kila waya: alama ya kusuguliwa, pa kung'aa kwa joto, kofia iliyopanda.

## Bado linamisi?

Angalia ni silinda zipi. Simamisha gari mara tu baada ya kukata, zima, acha lipoe, kisha toa plagi uzisome.

Ikiwa 1 na 2 zote ni nyeusi, au 3 na 4, hiyo ni jozi ya koili. Waya huziwezi kuzilaumu, badilisha koili.

Ikiwa 1 na 3, au 2 na 4, tatizo ni la upande: oili, maji, joto, au waya zilizogusana. Rudi hatua ya 4 na ya 7.

Ikiwa ni moja tu, hamishia plagi yake kwenye silinda nyingine. Misi ikihama nayo, plagi ndiyo mbaya. Isipohama, badilisha waya wa silinda hiyo, na ukishindwa pima injekta na kompresheni.

Ikiwa ni zote nne, punguza gepu hadi 0.6, pima chaji ya betri injini ikiwa imewaka (volti 13.5 hadi 14.5), na usafishe ethi ya injini. Koili isiyopata volti za kutosha haijazi cheche ya kutosha, hata ukiifunga waya za dhahabu.